Mpaka Kitinda Amalize Masomo

Fundi makochi huyu watu walimwita Sponji, na si kwa sababu ya kazi yake peke yake. Alikuwa mtu mlaini. Ukimbonyeza anabonyea, ukimwachia anarudi kama alivyokuwa, hana kinyongo, hana neno. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli: fremu za mbao zimeegemea ukuta kama mifupa ya ng'ombe, marobota ya vitambaa juu ya meza, na sakafuni vipande vya sponji vyeupe vilivyokuwa na tabia ya kumfuata kila aliyeingia. Mteja akitoka pale, hata awe mkubwa wa ofisi wa namna gani, lazima aondoke na chembe ya sponji kwenye suruali.

Siku za kazi usingeweza kumtenga fundi na kazi yake, vyote vilikuwa gundi na vumbi. Lakini Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuwa mtu mwingine. Jua halijafika utosini anafunga karakana, anasugua gundi vidoleni kwa mafuta ya taa, halafu kwa sabuni, halafu ananusa vidole, halafu sabuni tena. Anavaa shati lililopigwa pasi. Muuza vipuri, ambaye mdomo wake haukujua kufuli, hakuwahi kuiacha Jumamosi hiyo ipite bure.

"Sponji, leo tena unakwenda kuposa?"

"Nakwenda kulipa masurufu. Amri ya hakimu."

"Nimewaona watu wanaokwenda kulipa masurufu. Wanakwenda wamenuna. Wewe unakwenda unanukia."

"Amri haikusema ninukie nini," anasema Sponji, na huyo anakwenda zake.

Masurufu, kwa asiyeyajua, ni ile hela ya matumizi ambayo mahakama humwamuru mwanamume ampe mke waliyeachana naye. Wengi huilipa kwa shingo upande. Wengine mpaka wavutwe sikio. Tusiwacheke, kila mtu anajua mwenyewe kiatu kinambana wapi. Lakini Sponji hakuionea uchungu hela ile, na sababu yake tutaifikia, ila kwanza lazima tupite kwenye makochi.

Maana kilichovunja ndoa ya Sponji ni makochi. Si mwanamke wa pembeni, si pombe. Zamani hizo Sponji hakuwa na karakana, alifanyia kazi nyumbani. Sebuleni makochi, chumbani makochi, na kwenye korido kochi moja limesimama wima miezi mizima kama mgeni aliyekosa kukaribishwa. Na katika makochi yote hayo mkewe hakuwa na ruhusa ya kukalia hata moja, kwa kuwa yote yalikuwa ya wateja. Miaka nenda, miaka rudi, mama wa watu anakula chakula chake juu ya ndoo iliyofunikwa. Siku moja akarudi sokoni miguu inawaka moto, akajibwaga kwenye kochi jeupe la mwalimu mkuu pamoja na kikombe chake cha chai. Chai ikamwagika. Sponji, mtu mlaini yule, akapiga ukelele uliosikika nyumba ya tatu. Mkewe aliinuka. Alifuta kile kitambaa taratibu mpaka alipotosheka, akasema, "Nimeolewa na duka la makochi na sina pa kukaa," akafunga virago vyake.

Watoto wakubwa walikuwa wameshajitegemea. Alibaki wa mwisho tu, kitinda mimba, na hilo la Kitinda likamganda kama jina hata alipoota ndevu. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alisikiliza pande zote mbili, akawauliza kama hawawezi kupatana, akaona mama amekaa kimya na baba anaangalia viatu, akatoa amri: fundi atoe masurufu kila mwezi mpaka kitinda mimba wao amalize masomo.

Miezi ya mwanzo ilikwenda kombo. Sponji alimpa mteja mmoja hela aipeleke, kwa kuwa mteja anakaa njia hiyohiyo, na mteja akaipitisha kwanza kwenye shida zake mwenyewe. Mama Kitinda akarudi mahakamani. Hakimu akavua miwani. "Wewe fundi, kuanzia leo mkono kwa mkono, mbele ya shahidi." Na hapo ndipo alipoingia Nesi.

Nesi alikuwa jirani wa Mama Kitinda, mstaafu wa hospitali, mwanamke aliyewahi kuwachoma sindano watu wa mitaa mitatu na bado akiwatazama kama anatafuta pa kuchoma. Kazi ya ushahidi aliipokea kama cheo. Mwezi wa kwanza alisimama mlangoni, Sponji nje, Mama Kitinda ndani, yeye katikati kama refa.

"Toa."

Sponji akatoa.

"Pokea."

Mama Kitinda akapokea.

"Nimeona. Nendeni."

Lakini mtu hawezi kusimama mlangoni kila mwezi, hasa mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, Nesi akasema yeye magoti yake si ya serikali, wakaingia ndani. Mwezi uliofuata, kwa kuwa wameshakaa, ikaonekana ni aibu watu watatu kukaa bila chai. Chai ikaleta mkate. Mama Kitinda alikuwa ameanza kuoka mikate na kuyauzia maduka ya jirani, na nyumba yake ilinukia hamira na moto tangu barazani. Mkate ukaleta mchuzi wa kuuchovyea, na mchuzi, kama ujuavyo, hauji bila nyama. Mpaka mwaka ule unaisha, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa na meza iliyotandikwa, viti vya mbao vitatu, na mazungumzo yaliyokwenda mpaka jua linapunga. Hela ilitolewa mwisho kabisa, Nesi akikumbuka: "Ee, na ile shughuli yetu jamani."

Walizungumza nini? Mambo ya watu tu. Bei ya unga. Nani kaoza binti. Goti la Nesi. Mama Kitinda alimcheka Sponji kwa namna anavyokunja mkate kama anapima kitambaa, na Sponji akamwambia mikate yake imejaa vizuri, sponji ya daraja la kwanza, na mama akasema hajawahi kutukanwa vizuri hivyo. Katika miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kukaa hivyo. Sasa walikuwa na meza na viti na mtu wa kuwasimamia.

Sasa umeona jambo lenyewe. Amri ilikuwa na mwisho wake: Kitinda akimaliza masomo, masurufu yamekwisha, na masurufu yakiisha Sponji hana tena sababu ya kukanyaga mlango ule. Mtalaka anakwenda kwa mtalaka wake kufanya nini? Watu watasema nini? Yeye mwenyewe atasema nini, akishasema hodi? Jambo hili lilimnyima raha kuliko deni.

Kitinda alipomaliza sekondari, akaja mbio karakanani kuonyesha matokeo. Amefaulu. Sponji aliyatazama kwa muda, akamkumbatia mwanawe, na moyoni kitu kikamdondoka.

"Umefanya vizuri, baba. Sasa unasoma nini?"

"Nimemaliza, baba."

"Umemaliza nini? Hujaanza. Elimu ni bahari."

Kitinda akasomea umeme. Akaumaliza. Sponji akasikia kuna chuo cha kutengeneza friji na mitambo ya baridi, akalipa ada kabla mwanawe hajakubali. Friji zikaisha. Ikaja kompyuta.

"Baba, mimi nina ndevu," Kitinda alisema siku ile.

"Kwani kompyuta inaogopa ndevu?"

"Elimu ni bahari, sawa, lakini mimi nimeshalowa mpaka mifupani."

Alikwenda hata hivyo, maana alikuwa mtoto mtiifu, mlaini kama baba yake. Muuza vipuri akasema yule kijana atasoma mpaka akae dawati moja na wanawe.

Basi, hakuna marefu yasiyo na ncha. Siku moja Kitinda aliingia karakanani na ovaroli mpya mkononi, bado ina mikunjo ya dukani. Amepata kazi kiwanda cha kugandisha samaki. Mitambo ya baridi. Anaanza wiki hiyohiyo.

"Na masomo?" akauliza Sponji.

"Nimemaliza."

"Nasikia kuna kozi ya jioni. Ya upishi. Mtu wa kiwandani akijua upishi..."

Kitinda akavuta kigoda, akakaa, akamtazama baba yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Baba, nikuulize. Ninyi wawili mna nini na mimi? Wiki iliyopita mama kaniita, kanipa mkate wa moto, kaniambia kuna kozi nzuri ya kufuga nyuki. Nyuki, baba. Mimi mtu wa friji."

Sponji aliacha nyundo. "Mama yako kakwambia usome nyuki?"

"Na mwaka juzi ile kompyuta, unadhani mimi ningekubali? Wewe ulisema mara moja. Yeye alisema mwezi mzima. Jumamosi nakuja mezani nitawaambia wote, mbele ya shahidi, ili asiwepo wa kusema hakusikia."

Kijana akaondoka, na Sponji akabaki na msumari mdomoni, ameusahau. Mama naye alikuwa anasukuma. Kwa nini? Upande mmoja wa moyo ulimpa jibu tamu, akaogopa kulishika. Upande mwingine ulimwambia, wewe mzee, usijipambe. Pengine mama anaitaka hela. Mikate haimtoshi, na mwenye haki yake hasemwi. Siku zile zote mpaka Jumamosi alipigilia misumari upande usio wake, ikabidi angoe kitambaa cha kochi zima.

Jumamosi ikafika. Meza ilikuwa na kuku siku hiyo, na Kitinda alikula mapaja yote mawili kabla ya kusema lolote, maana aliona kesi isimwondolee haki. Kisha akafuta mikono.

"Baba, mama, na mama Nesi, shikamooni tena. Nimemaliza masomo. Nimepata kazi. Sisomi upishi, sisomi nyuki, sisomi kitu."

"Hata kozi fupi?" Mama Kitinda akauliza, macho yakiwa kwenye sahani.

"Hata ya siku moja, mama."

Nesi alicheka mpaka akashika meza. "Wacheni mtoto apumzike. Mkizidi kumlea kwa akili hizo, atakuwa profesa wa kitu ambacho hakipo."

Hakuna mwingine aliyecheka. Sponji alitoa hela, akaisukuma juu ya meza. Mama Kitinda akaipokea bila kuihesabu. Walitazamana kidogo, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.

"Basi," akasema mama hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyevaa nguo za mahakamani. "Amri imetimia. Ahsante, Baba Kitinda. Hukunipiga chenga hata mwezi mmoja, ukiacha ile ya mteja."

"Ahsante na wewe," akasema Sponji.

"Na mimi nimeona," akasema Nesi, ila safari hii hakusema nendeni.

Mwezi ule ulimwendea Sponji kama kiatu cha kuazima. Kazi ilikuwepo, afya ilikuwepo, hela ilibaki mfukoni na hakujua aifanyie nini. Alinunua redio, akaikuta inasema bei ya unga, akaizima. Jumamosi ya kwanza ilipokuja hakusugua vidole. Alikaa juu ya fremu akivuta mikanda ya mpira, akiikaza na kuilegeza, akiikaza na kuilegeza.

Muuza vipuri akachungulia. "Leo hunukii?"

"Amri imekwisha."

"Mh." Muuza vipuri aliegemea mlango. Kwa mara ya kwanza alikosa mzaha, akautafuta, akarudi na neno jingine. "Kwani amri ilikukataza kwenda?"

"Haikukataza."

"Basi mimi sijui sheria," akasema muuza vipuri, akarudi kwenye spoku zake.

Sponji alikaza mkanda mara moja tena. Halafu akasimama. Hakubadilisha shati, akiogopa kwamba akianza kuvaa atapata muda wa kughairi. Njiani alipita bucha, akasimama, akaita, muuza nyama akashika kisu. Hapo akajiona: akibeba nyama atakuwa amejitungia amri nyingine, na kila mwezi atajificha nyuma ya kilo ya nyama kama alivyojificha nyuma ya ile hela. Akamwomba radhi muuza nyama, ambaye hakumwelewa, akaenda mikono mitupu. Na kumbe mikono mitupu ni mizito. Hakujua aiweke wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaifumbata nyuma kama mkaguzi wa shule. Alifika mlangoni kwa Mama Kitinda hivyo, gundi vidoleni, sponji nywelini.

"Hodi."

Mama Kitinda alifungua mwenyewe. Alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Alimtazama uso, akateremka mpaka viatu, akapanda tena.

"Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu."

"Kitinda kaanza masomo?"

"Hajaanza."

"Hakimu kakuita?"

"Hakuniita mtu. Nimekuja tu."

Ndani kijiko kiliacha kugonga kikombe. Nesi alikuwepo na alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima.

"Nikwambie mapema, Baba Kitinda," mama akasema, sauti chini. "Mimi sirudi. Hapa nina kitanda changu, tanuri langu, kiti changu. Kama umekuja na hilo, geuka salama."

"Sijaja na hilo. Nyumba ile hata mimi sina pa kukaa."

Mdomo wa mama ulicheza pembeni, akaurudisha. "Umekuja na lipi?"

Maneno aliyoyaogopa miaka yote ile, alipoyatafuta aliyakuta mafupi. "Nimezoea kula hapa. Na nimezoea ukinicheka. Nilimsomesha mtoto wa watu friji na kompyuta kwa ajili hiyo."

"Na mimi nikamtafutia nyuki," akasema Mama Kitinda, akajipangusa unga usioondoka. "Unadhani ile hela nilikuwa naifanyia nini? Mikate inanilisha tangu Kitinda yuko kwenye umeme. Hela yako ilikuwa inakwenda bucha, inarudi unaila mwenyewe. Na Nesi huyu."

"Mimi msinitie," sauti ikatoka ndani. "Mimi nilikuwa nashuhudia."

"Unashuhudia na kidali cha kuku mkononi?"

"Shahidi mwenye njaa haoni vizuri. Shemeji, ingia, unaingiza nzi."

Akaingia. Mezani kulikuwa na mchuzi wa maharage tu, maana bucha safari hii haikupata mtu wa kwenda, na mikate ya moto, na sahani tatu. Tatu, si mbili. Sponji alizihesabu kwa jicho, akakaa. Alikula mpaka akalegeza mkanda wa suruali. Nesi alieleza habari ya goti upya tangu mwanzo, na walipofika mahali ambapo miaka yote hutoa ile hela, wote watatu walinyamaza kwa mazoea, wakangoja kitu kisichokuja. Ilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani bado kuna moja.

"Na ile shughuli yetu jamani?" akasema Nesi.

Mama Kitinda alisimama, akakusanya sahani, akazipachika mikononi mwa Sponji. "Asiyeleta hela ataosha vyombo. Gundi hiyo nayo itatoka hukohuko."

Akaosha. Alikunja mikono ya shati, akainama kwenye beseni pale uani, akaosha vikombe, sahani, halafu sufuria ya maharage iliyoshika chini. Mama alikuja kusimama juu yake, akaichukua ile sufuria, akaigeuza kwenye mwanga, akamrudishia.

"Hapa bado. Na hapa. Wewe unafuta kama unapangusa kochi la mwalimu mkuu."

Sponji aliipokea akacheka, akasugua. Halafu bila kuinua uso akauliza, "Mwezi ujao ni Jumamosi hiyohiyo ya kwanza?"

"Kwani mimi naoka Jumamosi ya kwanza peke yake? Kila Jumamosi mkate upo."

Aliisuuza sufuria, akafikiri.

"Na Jumatano?"

"Usinizoee," akasema Mama Kitinda, akamtupia kitambaa cha kukaushia.